Pizza 20, watu 7: nilivyoshika shughuli za vuli za chapta yetu Chicago

Kwetu Voi, Kenya, vuli ni mvua, isiponyesha watu wanaanza kuangalia mbingu na kuhesabu mahindi yaliyobaki. Huku Chicago vuli ni majani, kuanzia mwisho wa Septemba yanageuka rangi ya chungwa halafu yanadondoka yote, na wakati huo huo vyuo vimefunguliwa na kila chama cha wanafunzi kimeweka meza koridoni kinakupa peremende ili uandike jina lako. Sasa vuli ya 2023 nikajikuta mimi ndiye niliyekaa nyuma ya meza nagawa peremende, mama mzima wa miaka 34, usiku nahudumia wazee na mchana niko darasani.

Chama chenyewe ni Phi Theta Kappa. Kwa wasiokijua, ni chama cha wanafunzi wenye alama za juu kwenye vyuo vya miaka miwili, kilianza 1918 kule Missouri na makao makuu yako Jackson, Mississippi, halafu kila chuo kina chapta yake, yaani tawi. Huombi kuingia, unaitwa, alama zikifika unapata imeili, na mimi ile imeili niliifuta mara 2 nikidhani ni matapeli. Wana nguzo 4: usomi, uongozi, huduma na udugu. Kwenye kugawana vyeo mimi nikaangukiwa na udugu, maana yake nipange watu wakutane, wacheke, waende kuona vitu vya utamaduni. Kusema kweli hakuna mwingine aliyekitaka hicho cheo, na baadaye nikaelewa kwa nini.

Shughuli yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Ijumaa jioni, saa moja, sherehe ya kukaribishana. Nilikopi vile wanafanya vyuo vikubwa, vile vyenye mabweni, mapambo ya bluu na dhahabu (ndio rangi za chama), muziki, michezo ya kujuana, na nikaagiza pizza 20 kwa sababu kwenye orodha tulikuwa watu 60 na ushee. Walikuja 7. Wawili kati yao walikuwa maofisa wenzangu na mmoja alikuwa amekosea chumba, alikuwa anatafuta darasa la hesabu, tukamshika akala. Zile pizza nilizipeleka kazini usiku ule ule, manesi wakafurahi sana, wakaniuliza sherehe nyingine lini.

Nililala nimenuna. Nikajiambia hawa watu hawana umoja. Lakini Jumatatu nikakutana na kaka mmoja Mkongo kutoka Bukavu, yuko kwenye chama na anaishi Rogers Park ambako Wakongo ni wengi, nikamuuliza mbona hukuja, akanijibu, "Dada, nilikuwa ku kazi. Na mama yao pia alikuwa ku kazi. Batoto ningebaacha na nani?" Basi. Hapo nikaona ujinga wangu wote kwa pamoja. Chuo chetu hakina hata bweni moja, watu wanatoka darasani mbio kwenye treni kwenda kazini, nusu yetu tuna watoto, na mimi nimewawekea disko Ijumaa usiku kama wana miaka 18 na wanalala ng'ambo ya pili ya barabara. Mimi mwenyewe Ijumaa ile nilibadilishana shifti ndio nikaweza kuhudhuria sherehe yangu.

Sasa kitu kimoja ambacho najua kufanya hapa duniani ni kamati ya harusi. Nyumbani nimekuwa mweka hazina wa kamati zisizopungua 5 na matanga sijui mangapi. Na kamati ya harusi haianzi na ukumbi, inaanza na watu, nani ana gari, nani anajua kupika, nani akipigiwa simu na nani wote watakuja. Kwa hiyo nikaacha kutuma imeili, nikafungua kundi la WhatsApp, halafu nikaanza kupigia watu simu mmoja mmoja. Wamarekani kidogo walishtuka, kupigiwa simu na mtu usiyemjua ni kama umefiwa, lakini wakishaelewa ni mimi wa chama wanaongea mpaka unatafuta namna ya kukata. Nilikuwa nauliza mambo 3 tu: uko huru siku gani saa ngapi, una watoto, na unajua kufanya nini. Nikaandika kwenye daftari la mistari, la kawaida, siyo kompyuta.

Jibu lililorudi likawa wazi sana. Mchana wa wikendi, au katikati ya vipindi. Isizidi masaa 2. Karibu na kituo cha treni. Isiwe na kiingilio. Watoto waje. Hiyo ndiyo ikawa sheria yangu, na shughuli yoyote iliyokosa hata moja nikaitupa, hata ile ya kwenda kuchuma matufaha shambani ambayo rais wa chapta yetu aliipenda sana kwa sababu ilikuwa na picha nzuri, nikamuuliza huko shambani treni inafika? Haifiki. Imekufa hiyo.

Pesa sitazungumzia sana. Chama kinaomba kwa serikali ya wanafunzi, unajaza fomu, unatoa mfukoni kwanza, unarudisha risiti, unasubiri. Nilijaribu kuchangisha kwa kuuza mandazi, nikaamka saa tisa usiku nikakaanga 120, nafika chuoni naambiwa chakula cha kupika nyumbani hakiruhusiwi kuuzwa, lazima kitoke jikoni lenye leseni. Mandazi 120 nimekumbatia kwenye treni kama mtoto, nikayarudisha nyumbani. Ushauri wangu, soma sheria ya chakula ya chuo chako kabla hujapasha mafuta.

Shughuli ya kwanza iliyofanikiwa wala sikuipanga kama burudani, ilikuwa ya huduma. Kiangazi kile tulikuwa tumejiandikisha kama kikundi kugawa maji kwenye mbio za Chicago Marathon, ambazo huwa Oktoba, siku ya Jumapili. Tulipewa kituo Pilsen, ule mtaa wa Wamexico, wakimbiaji wanapofika pale wameshamaliza kama kilomita 30 hivi. Saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani, baridi inauma, tunapanga vikombe juu ya meza, ukimaliza tabaka moja unaweka kadibodi juu unapanga jingine. Walikuja watu 19 na watoto 6! Hakuna mchezo wa kujuana unaoshinda kupanga vikombe elfu kadhaa gizani na mtu aliyelala masaa 3 kama wewe. Saa moja mpaka saa tatu watu wameshaambiana wanatoka wapi, mama zao wanaumwa nini, nani anataka kuhamia chuo gani.

Halafu, karibu saa tatu asubuhi, pikipiki za polisi, gari, halafu yeye. Kelvin Kiptum, Mkenya mwenzangu. Ukiwa mbali kwenye simu huoni ile kasi, mtu hakimbii pale, anapita tu kama kitu kinavutwa na kamba. Wale wa mbele hawachukui vikombe vyetu, wana chupa zao kwenye meza zao, sisi kazi yetu ilikuwa kusimama na kunyamaza, ila mimi sikunyamaza. Nilipiga vigelegele peke yangu barabara nzima, nikapiga kelele "Twende Kiptum! Twende baba!" mpaka mwenzangu mmoja, dada mwenye wazazi wa Mexico, mtoto wa mtaa ule ule, akaniuliza huyo ni ndugu yako? Nikamwambia ndiyo. Siku ile, tarehe 8 Oktoba 2023, alimaliza kwa masaa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia, akiwa na miaka 23 na hiyo ikiwa marathoni yake ya 3 tu. Habari zilitufikia kwenye simu tukiwa bado tunawapa vikombe wale wa masaa 4. Kundi la WhatsApp lilikesha linaongea. Yule dada Mmexico alibeba kikombe kimoja cha karatasi nyumbani, akasema ni cha ukumbusho, ingawa nilimwambia Kiptum hakukigusa.

Baada ya hapo kuita watu haikuwa kazi tena. Tukaenda makumbusho ya Field Museum, kwa sababu wana siku za bure kwa wakaazi wa jimbo la Illinois, unabeba kitambulisho tu. Hapo nilichemka kidogo, wenzetu 2 walikuwa wanaishi Indiana, mpakani, sikuwa nimefikiria hilo, ikabidi tuchange pale pale mlangoni. Unashuka treni ya Red Line pale Roosevelt unatembea, na upepo wa ziwa Michigan unakupiga mpaka unajuta kuzaliwa, kwa hiyo kama una watu wenye watoto wadogo tafuta basi.

Sasa mimi nilichagua Field kwa sababu yangu. Simba wa Tsavo wako pale. Wale walikula wafanyakazi wa reli 1898, wakati Waingereza wanajenga daraja la mto Tsavo. Nimekulia hapo karibu, babu alikuwa anatutishia nao tukikataa kulala, na sijawahi kuwaona, nimekuja kuwaonea Chicago nyuma ya kioo. Wanachama walinisukuma mbele ati wewe ndiye mwenyeji tuelezee, nikaona niko mtihanini. Nikawaambia ninachokijua: ni madume lakini hawana manyoya shingoni, simba wa Tsavo wengi wako hivyo. Patterson, yule injinia aliyewaua Desemba ile, alizifanya ngozi zulia nyumbani kwake karibu miaka 25 kabla ya kuziuzia makumbusho kwa dola 5,000, ndio maana ukiwaangalia ni wadogo kuliko walivyokuwa, ngozi zilikuwa zimekatwa na kuchakaa. Na yeye alidai walikula watu 135, lakini wanasayansi walipopima mifupa na manyoya yao, matokeo yakatoka 2009, wakakadiria kama 35. Babu angewakatalia hao wanasayansi.

Kijana mmoja akauliza kwa nini hawajarudishwa Kenya. Tukasimama pale tukabishana kama dakika 40, mtoto mmoja akalala sakafuni, kuna aliyesema Tsavo hakuna atakayewatunza, nikamjibu hapo nikawa mkali kidogo, kuna aliyesema kwao Peru vitu vyao viko Ulaya hivyo hivyo, na yule kaka wa Bukavu akasema kwanza warudishe majina ya waliokufa, maana simba wanajulikana na Patterson anajulikana, lakini wale vibarua kutoka India na Waafrika waliokula nao chumvi kambini, nani anawajua? Hiyo ndiyo shughuli ya utamaduni niliyoitaka, na haikuwa kwenye ratiba.

Ya mwisho tulirudi Pilsen, safari hii kwenye makumbusho ya sanaa ya Mexico, National Museum of Mexican Art, ambayo ni bure siku zote. Kila vuli wanaweka maonyesho ya Siku ya Wafu. Nilikuwa naogopa, nikaona nitapeleka watu kwenye mambo ya mizimu. Kumbe ni meza za kumbukumbu, wanaita ofrenda, picha ya marehemu, maua yale ya rangi ya chungwa, mkate, na chakula alichokuwa anakipenda mwenyewe. Chakula halisi siyo cha mfano, ukiwa ulipenda soda unawekewa soda. Yule dada aliyebeba kikombe ndiye aliyetuongoza, mama yake alikuja pia, akawa anatueleza kwa Kihispania huku binti anatafsiri na wote wawili wanafuta machozi. Nilimfikiria babu yangu. Yeye angewekewa ugoro.

Februari 2024 tukaamka na habari za ajali ya gari, Kiptum amekufa. Kundi letu lilijaa ujumbe kutoka kwa watu ambao kabla ya Oktoba hawakujua hata jina lake, mimi wananipa pole mimi, kama nilivyosema ni ndugu yangu.

Vuli iliyofuata cheo kilikuwa kimeenda kwa yule dada, mimi nilibaki mshauri tu, nikamkabidhi daftari la mistari. Mwisho wa Oktoba aliniita chumba cha chama, walikuwa wanatengeneza ofrenda ya chapta, kila mwanachama alete mtu wake. Palikuwa na bibi wa mtu, mwalimu wa mtu, mbwa mmoja. Katikati, picha ya Kiptum imetolewa kwa printa ya maktaba, rangi zimefifia, na mbele yake kile kikombe cha karatasi, kitupu.

Akaniuliza, tumwekee nini, maji? Nikamwambia maji alishayakataa, huyu Mkalenjin, mpe mursik. Mursik, yale maziwa ya kugandisha ya kwao, Chicago nzima sikujua pa kuipata, kwa hiyo tukashuka dukani tukanunua maziwa ya kawaida, tukamjazia mpaka juu.