Bawa Kwanza, Makali Baadaye: Kuchagua na Kubadilisha Visu vya Mashine ya Nyasi ya Kusimamia

Watu wengi wanaponunua kisu kipya cha mashine ya kukata nyasi hutazama makali, wakaridhika, wakalipa. Mimi huanza na upande wa pili, ile sehemu ya nyuma ya kisu iliyokunjwa kuelekea juu, ambayo katika maelezo haya nitaiita bawa. Makali hata yakiwa butu yanaweza kurudishwa kwa tupa siku hiyohiyo, lakini bawa likishalika halina dawa, na ndilo linaloamua kama nyasi zitasimama wima zikatwe au zitalala chini na kupitwa juu kwa juu.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa mashine za kusimamia, yaani zile ambazo mwendeshaji husimama kwenye kibao cha nyuma badala ya kuketi. Wanaozitumia aghalabu ni watu wa kazi, wanaokata saa nyingi mfululizo na kuhama kutoka uwanja wenye nyasi laini hadi kiwanja chenye vumbi bila kubadilisha chochote. Ncha ya kisu katika mashine hizi hupita kwa mwendo wa takriban mita 90 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na kwa mwendo huo bawa hufanya kazi ya feni: huvuta hewa kutoka chini, huzinyanyua nyasi zikutane na makali, kisha huzisukuma zilizokatwa hadi kwenye mdomo wa kutolea ulio ubavuni mwa kava la visu.

Bawa lililonyanyuka sana huvuta hewa nyingi. Linafaa kwa nyasi nene, kwa nyasi zenye unyevunyevu, na hasa pale unapokusanya majani kwenye mfuko, kwa sababu bila msukumo mkubwa wa hewa mfuko haujai vizuri na njia yake huziba. Hata hivyo lina gharama zake. Injini hubeba mzigo mkubwa zaidi, mafuta huisha haraka, na kelele huongezeka. Kwenye ardhi kavu ya kichanga hali huwa mbaya zaidi, kwani hewa ileile inayoinua nyasi huinua pia mchanga, nao huzunguka ndani ya kava na kulisugua bawa kama msasa hadi chuma kinakonda. Kwa ardhi ya namna hiyo bawa la chini ndilo chaguo la busara: halipepei vumbi sana, haliisumbui injini, na hudumu. Ni kweli kwamba halisimamishi nyasi vizuri kama lile la juu, lakini nyasi za kwenye mchanga mkavu kwa kawaida huwa chache na nyepesi, hivyo hasara yake ni ndogo.

Katikati ya hayo mawili kuna bawa la wastani, na kama mtu ana uwezo wa kununua seti moja tu, mimi humshauri achukue hilo. Akipata ya pili, iwe ya bawa la chini kwa ajili ya kiangazi. Wauzaji hupenda kusifia bawa la juu kana kwamba ndilo kisu cha wakubwa. Sioni sababu ya kulipia upepo usiouhitaji.

Visu vya kusaga ni habari nyingine. Hivi vina mikunjo ya ziada, au bawa lake limechanwa meno, ili majani yazungushwe chini ya kava na kukatwakatwa vipande vidogo vinavyoanguka na kuoza palepale kama mbolea. Hufanya kazi nzuri kwa nyasi kavu zinazokatwa mara kwa mara. Ukivipeleka kwenye nyasi ndefu zilizolowa, utakuta chini ya kava pameganda uji wa kijani na nyuma yako pamebaki mabonge.

Kuhusu vipimo nitasema kwa ufupi. Urefu wa kisu na umbo la tundu lake la katikati lazima vilingane na vile vilivyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kava la inchi 52 lenye visu vitatu mara nyingi hutumia visu vya inchi 18, na anayejumlisha atapata 54, zaidi ya upana wa kava. Hapo hakuna kosa: kisu cha kati husogezwa mbele kidogo ili njia za visu zipishane na pasibaki mstari wa nyasi zisizokatwa. Ndiyo maana kisu kifupi kuliko kinachotakiwa huacha mistari hiyo, na kirefu mno huweza kugonga kava au kuifanya ncha ipite mwendo uliokusudiwa na watengenezaji. Tundu nalo laweza kuwa la duara au la umbo la nyota. Likiwa kubwa kuliko shafti, usijaribu kuziba nafasi kwa washa za kubahatisha.

Sasa kazi yenyewe. Zima mashine, kaza breki ya kuegesha, toa ufunguo, subiri visu visimame kabisa, kisha chomoa waya za plagi. Kwa mashine ya umeme, tenganisha betri. Nyanyua sehemu ya mbele kwa jeki na uiegemeze kwenye stendi imara kabla ya kuingiza mkono chini, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Usiilaze mashine ya petroli ubavu, kwa sababu oili inaweza kuingia kwenye silinda au kwenye chujio la hewa na kukuzalishia kazi nyingine usiyoitarajia. Vaa glavu nene. Kumbuka pia kwamba mara nyingi visu vyote huunganishwa kwa mkanda mmoja: ukikizungusha cha kushoto, cha kulia nacho huzunguka, na kidole kilichosahauliwa pale hakitasalimika.

Ili kisu kisizunguke wakati wa kufungua bolti, weka kipande kigumu cha mbao kati ya kisu na ukuta wa kava. Wakati wa kukaza, kihamishie upande wa pili. Mara nyingi bolti hufunguka kinyume na saa unapoitazama kutoka chini, lakini zipo mashine zenye nyuzi za kinyume, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuongeza bomba kwenye spana.

Kisu kikishatoka, kisafishe na ukitazame bawa lake kwenye mwanga. Mahali pa kukagua ni pale ambapo sehemu bapa ya kisu inaanza kukunjika. Mchanga hula hapo kwanza, na kwa kuwa uso wa juu bado unang'aa, mtu hudhani kisu ni kizima. Pitisha gumba juu ya mkunjo: ukihisi mfereji, au ukiona chuma kimekuwa chembamba kuliko kwingineko, kisu hicho hakirudi kwenye mashine hata kama makali yake bado ni mazuri. Mfereji ukiendelea, bawa humeguka, na kipande kinachomeguka kwa mwendo niliokwisha kuutaja ni hatari kwa yeyote aliye karibu. Kisu kilichopinda au kupasuka vilevile hakinyooshwi wala hakichomelewi.

Kinachopita ukaguzi huo hunolewa kwa kufuata pembe yake ya asili, ambayo kwa visu vingi iko karibu na nyuzi 30. Grainda ni ya haraka, lakini chuma kikigeuka rangi ya buluu, ujue kimepoteza ugumu wake mahali hapo. Baada ya kunoa, tundika kisu kwa tundu lake kwenye msumari uliopigwa ukutani. Upande unaoshuka ndio mzito, basi upunguze kidogo hadi kisu kitulie mlalo. Kisu kisicho na mizani hutikisa shafti na kuziua beringi zake, ambazo bei yake ni kubwa kuliko ya kisu.

Katika kufunga, bawa lielekee juu, ndani ya kava. Kisu kilichogeuzwa hupiga nyasi kwa mgongo wa makali na kuzichana, jambo linaloonekana baada ya siku moja au mbili pale ncha zake zinapokauka na kuwa za kahawia. Kama mashine yako ina washa ya umbo la koni, upande wake uliotokeza ugeukie kichwa cha bolti, kwani ikiwekwa kinyume haibani inavyopaswa. Spana ya hewa itumike kufungua tu. Kwa kukaza, tumia spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza na ufuate namba iliyo kwenye kitabu cha mashine, ambayo mara nyingi huwa kati ya niutoni-mita 100 na 150.

Kabla ya kuwasha, zungusha visu taratibu kwa mkono wenye glavu, waya za plagi zikiwa bado zimechomolewa. Mashine ikiwa imesimama kwenye sakafu tambarare, pima umbali kutoka ncha moja ya kisu hadi sakafuni, zungusha nusu duara, na upime ncha ya pili mahali palepale. Tofauti ikizidi milimita 3, ama kisu kimepinda ama shafti imepinda. Kujua ni kipi, funga kisu kingine kwenye shafti hiyohiyo na urudie kipimo. Baada ya saa chache za mwanzo za kukata, zima tena, chomoa waya, na uzipitie bolti zote kwa spana ileile yenye kipimo.