Mto Bubu: nilivyounganisha GR4J na modeli ya data

Mito ya huku kwetu Dodoma inasumbua kwenye modeli jamani. Bubu unashuka kutoka upande wa Kondoa unaishia kwenye kinamasi cha Bahi, baharini hauendi, mvua ni msimu mmoja tu wa Desemba mpaka Aprili, kiangazi ni mchanga mtupu ng'ombe wanapita katikati, na data zenyewe zina mapengo kibao.

Nilianza na GR4J, ile modeli ya Wafaransa ya kukokotoa maji ya mto kutokana na mvua, ina parameta (namba za kurekebisha) nne tu na inataka mvua na uvukizi basi. Mvua nilichukua CHIRPS ya setelaiti, ipo tangu 1981. Ikajitahidi, hasa kwenye kukumbuka hali ya udongo, maana mvua za kwanza zinamezwa zote na mto hauleti kitu ila mvua ileile ikipiga Februari mto unatiririka. Parameta ya kubadilishana maji na chini ya ardhi ikatoka hasi, yaani modeli inapoteza maji njiani, wala sikushangaa, ule mchanga unakunywa kweli.

Shida ikawa vilele vya mafuriko, vinatoka vifupi. Jamaa mmoja kazini akaniambia kaka achana na mambo ya kizamani, mwaga data zote kwenye LSTM, ile modeli ya mtandao wa neva inayojifunza yenyewe kutoka kwenye data, imalize. Sawa, ila siku nyingi za Bubu ni sifuri, itajua sifuri kuliko mafuriko. Na ile modeli nyingine ya data, ya miti mingi ya maamuzi (random forest), haitoi namba kubwa kuliko ilizowahi kuona, sa ikija mvua kama ya El Niño ya 1997/98 si inagonga dari?

Kwanza nikasafisha data. Kwenye daftari la msoma geji, yaani stafu ya kupimia kina cha mto, kulikuwa na usomaji wa sentimita 40 haushuki haupandi siku nyingi mfululizo, nikampigia.

"Shikamoo mzee, hizi za mwezi wa tano vipi?"

"Marahaba. Hapo ni dimbwi tu mwanangu, mto ulishakata. Na mchanga umepanda pale kwenye stafu."

Nikazitoa zote, maana modeli ya data ingelisoma dimbwi kama mto unaotiririka na isingekuuliza.

Halafu nikaacha GR4J itangulie, na lile pengo kati ya maji halisi na ya kwake ndio nikaifundisha ile ya miti. Nikaipa mvua ya siku chache za nyuma pamoja na kiwango cha stoo ya udongo ya GR4J yenyewe, na hapa ndipo utamu ulipo, bila hiyo stoo miti haijui kama ardhi imeshiba au ina kiu. Hesabu zote nilifanya kwenye kipeuo cha pili cha mtiririko ili mafuriko mawili matatu yasitawale kila kitu, jibu likiwa hasi linakuwa sifuri.

Kwenye miaka ambayo modeli haikuiona vilele vikasogea karibu na ukweli. Alama ya Nash (inayopima modeli inavyokaribiana na vipimo) pekee siiamini kwa mto kama huu, inabebwa na vilele, kwa hiyo naangalia pia siku mto unapoanza kutiririka kila msimu. Bado inakosa zile mvua za ghafla za eneo dogo, pikseli (kila kimraba cha ramani) ya CHIRPS ni kama kilomita 5 hivi na inazilainisha, na kuanzia Julai mpaka Oktoba masahihisho ya miti nayazima kabisa, GR4J inajitosheleza kwenye ukavu.