Siku yangu moja Kagunga, Mei 2015

Redioni wanaisifu meli tu. MV Liemba inastahili, ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913 na mpaka mwaka huu wa 2015 bado inabeba watu. Ila hapa Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika mpakani na Burundi, hakuna gati wala barabara. Meli inatia nanga mbali, na kuwafikisha pale wakimbizi wa Burundi ni kazi yetu sisi wenye boti ndogo.

Saa 11 alfajiri nakomba maji botini, natia petroli. Saa 1 foleni imeshafika kwenye mchanga. Wote wananawa kwa maji ya klorini, maana kipindupindu kimeingia. Mpaka saa 5 ni nenda rudi: vikongwe mgongoni, watoto mabegani, maji kifuani.

Saa 6 boti imejaa, kijana mmoja ameng'ang'ania ukingo, baiskeli begani. Mkewe ameshakaa ndani na watoto wawili.

"Kaka, baiskeli haipandi. Watu kwanza."

"Nimeisukuma tangu Rumonge. Huko kambini nitawalisha nini hawa?"

Mawimbi yanatugonga, injini inakula mafuta bure, meli inapiga honi. Mzee mmoja anatapika, wa nyuma wanapiga kelele. Namwambia tena, koo limenikauka. Hajibu. Anachomoa spana chini ya kiti, anapiga magoti majini, anaanza kufungua nati. Gurudumu la mbele, la nyuma, mnyororo, pedali. Anavifunga kwenye kitenge cha mkewe. Fremu anaisukumia mchangani bila kuitazama, kisha ananiangalia mimi. Nikapokea kile kifurushi, nikamvuta mkono. Aliyekimbia na kitu kimoja tu ana haki ya kukipigania, hata kama ananichelewesha.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mabega yaliwaka, viganja vilichubuka kwa kamba, na bado kwenye mlango wa ubavuni mwa meli kila mtoto alipokewa na mikono miwili. Liemba iliondoka na watu 600 hivi kwenda Kigoma. Watapumzika uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Katika boti yangu hakuzama mtu, na hilo nalisema kwa fahari.

Usiku huu wengine wanazidi kuteremka mlimani. Nimemwambia msaidizi wangu alale pale pale kwenye boti. Meli ikirudi tunaanza na kina mama wenye vichanga waliokosa nafasi leo.