Yalianza saa ngapi? Siku moja kwenye wodi ya moyo

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu. Usiku ulikuwa na nafuu, sisemi zaidi nisije nikaitia mkosi siku.

Saa 2:30. Kijana anamleta baba yake. Mzee anashika chembe ya moyo, anasema tumbo linamwaka tangu jana. Mfuko wa shati una karatasi ya vidonge vya kiungulia, nusu vimeshaliwa. Ana kisukari, na wenye kisukari mshtuko wa moyo huwajia kwa kujificha: jasho, kichefuchefu, uchovu, pumzi kukata. Sista ameshabandika nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kabla sijamaliza shikamoo; karatasi ile haitakiwi kuzidi dakika 10 bila kusomwa. Mstari umeinuka, na mawimbi ya Q yamechimba chini: sehemu ya msuli imeshaanza kufa. Damu ya kupima troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, inakwenda maabara, ila majibu yake hatuyasubiri.

"Mzee wangu, yalianza saa ngapi?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

Hapo huwa king'ang'anizi. Kabla ya chakula cha mchana au baada? "Wakati wa kula, daktari," kijana anadakia, "sahani aliiacha." Basi ni karibu saa 20. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hufaa ndani ya saa 12, hasa zile za mwanzo. Baada ya hapo faida hufifia na hatari ya kuvuja damu ipo palepale. Lakini bado anaumwa, kwa hiyo mshipa wa moyo ulioziba unazibuliwa leo hii. Anatafuna aspirini miligramu 300, anapewa klopidogreli na hepari za kuzuia damu kuganda, anasukumwa chumba cha katheta, mrija mwembamba unaopitishwa hadi kwenye mshipa wa moyo. Angekuja siku ya tatu, ametulia, hana maumivu, mshipa umeziba kabisa, nisingeukimbilia: utafiti wa OAT wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kuzibua kwa kuchelewa namna hiyo hakupunguzi vifo.

Saa 5:00. Raundi. Kuna mama aliyevumilia siku nne, akaja jana pumzi zilipombana. Troponini bado iko juu, maana huchukua hata wiki kushuka. Naweka kipimo kifuani: mvumo mkali, kando ya mfupa wa kifua, ambao jana haukuandikwa. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inaonyesha tundu kwenye ukuta unaotenga ventrikali mbili, vyumba vya chini vya moyo. Msuli uliokufa umelainika, umechanika. Nampigia daktari wa upasuaji papo hapo. Ndiyo maana waliochelewa nawasikiliza kifua kila asubuhi, hata wanaotabasamu.

Saa 8:00 mchana. Makaratasi. Tuyaache.

Saa 10:00 jioni. Mzee amerudi, mshipa umefunguka, maumivu yamekwisha. Ukuta wa mbele wa moyo unasukuma kivivu. Kijana ananiuliza kama jana ingesaidia. Ingesaidia, namjibu, na hata leo imesaidia.

Saa 12:00 jioni. Naandika ya kukabidhi: mvumo mpya usikilizwe kila zamu, eko irudiwe kutafuta donge ndani ya ventrikali ya kushoto, mama yuko chumba cha upasuaji, tunasubiri simu.