Nilikodi Baskeli Kwenda Kuuona Mvuke

Mnyororo ulikatika pale njia inapoacha nyasi za pundamilia na kuanza kupanda kuelekea kwenye mabomba ya Olkaria, ambako Kenya huzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini. Baskeli niliikodi njia panda ya hifadhi ya Hell's Gate kwa shilingi 1,000 za Kenya, baada ya kuombwa 1,500, na mwenyewe akaniapia kuwa ni mpya. Upya wake ulikuwa wa rangi. Breki ya nyuma haikuwa na raba, na mnyororo ulikwisha kuungwa mara mbili kwa pini za saizi nyingine. Nikaisukuma hadi kwenye kivuli cha bomba kubwa la fedha lililopita kando ya njia, nikaketi.

Sikukaa hata dakika tano. Kitu kilikohoa nyuma yangu, khooo, na maji ya moto yakatemwa mchangani hatua mbili kutoka kwenye miguu yangu.

"Mzee, songa hapo!" Kijana mmoja wa ovaroli alikuwa amekaa juu kidogo, anakula githeri kwenye kopo. "Hapo ndipo bomba hutema mate. Itakuchoma."

Nikasogea upesi. Huyo kijana ndiye safari yangu nzima. Nilitoka Pemba kwa boti hadi Unguja, Unguja hadi Dar, kisha siku mbili za basi na matatu, na sina la kusimulia humo ila kiti kilichovunjika na chai ya maziwa iliyopanda bei kila tulipovuka kituo. Nilichokuja kukiona nimekiona kwa macho yake yeye, kwa muda wa saa mbili na nusu, huku akiwa hajui kwamba mimi ni mtu wa jenereta.

Nasema hilo kwa sababu jicho la mtu wa jenereta huhesabu lita. Kabla waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haujafika Pemba mwaka 2010, kila taa iliyowaka kisiwani ilikuwa na tone lake la dizeli. Jenereta iliyotunzwa vizuri hutoa uniti 3.5 mpaka 4 kwa lita. Ukitaka megawati moja usiku na mchana, tayarisha lita 6,000 hadi 7,000 kila siku inayokucha. Meli ikichelewa, taa zinachelewa. Kwa hiyo Olkaria nilikuja na swali la mchoyo: hawa wenzetu mafuta yao yako wapi, na wanayalipia lini?

Kwanza nilitaka kujua kwa nini bomba linatema. Mvuke unaotoka kisimani, kijana akasema, hausafiri peke yake. Hutoka umechanganyika na maji ya chumvichumvi, yenye madini yaliyoyeyuka. Karibu na visima kuna mapipa marefu ya chuma. Mchanganyiko unaingizwa kwa ubavuni, unazungushwa kwa kasi, maji mazito yanabandikwa ukutani na kuteremka, mvuke mkavu unanyonywa katikati. Lakini hata ukiwa mkavu, mvuke ukisafiri kilomita moja au mbili kwenye baridi ya Naivasha, kiasi hugeuka matone. Matone hayo yakiachwa yajikusanye, mvuke unayasukuma kama bonge moja na kuyapiga kwenye kona ya bomba. Amewahi kuusikia mlio huo: "Kama lori limegonga ukuta." Ndiyo maana kila baada ya masafa huwekwa kibuyu cha chuma chini ya bomba kukusanya maji, na mtego wa kuyatema nje. Mtego ukiziba, kazi ni yake. Ukibaki wazi, pesa inatoka hewani mchana kutwa na hakuna anayeiona kuwa ni pesa.

Halafu yale mabomba yenyewe. Nilidhani yamepindwapindwa kwa kukwepa mawe. Kila hatua mia hivi bomba linaacha njia yake, linapiga kona nne zilizonyooka kama mlango, kisha linarudi. Kijana akachora mchangani. Chuma kinarefuka milimita 1.2 kwa kila mita kikipata joto la nyuzi 100. Bomba likiwa baridi lina nyuzi kama 20. Mvuke ukiingia linafika 170. Piga hesabu: mita 100 za bomba zinaongezeka sentimita 18. Ukilifunga ncha zote mbili litang'oa nguzo zake, au lijikunje lenyewe. Hiyo milango ndiyo nafasi ya kupumulia, na mingine imeinuliwa juu kiasi cha twiga kupita chini yake. Chini, bomba halikuwekwa moja kwa moja kwenye nguzo. Linakaa juu ya kiatu cha chuma kinachoteleza. Ndiyo maana pia hawafungui mvuke kwa pupa. Bomba lililozimwa huamshwa kwa vali ndogo ya pembeni, saa baada ya saa, mitego yote ikiwa wazi, mpaka linyooke na kukauka, ndipo vali kubwa.

Wakati anaeleza, upepo ukageuka na harufu ya yai viza ikatufikia, na pamoja nayo mlio. Ule mlio niliujua kabla hajasema. Dizeli, silinda nyingi, mizigo inaingia na kutoka. Nikasimama. Nimesafiri siku zote hizi kuikimbia dizeli, nayo inaniita kutoka nyuma ya kilima!

"Ni rigi, mzee. Wanachimba kisima."

Mtambo wa kuchimba hunywa dizeli kama askari anavyokunywa uji. Mvuke lazima uzaliwe na mafuta kwanza, hakuna njia nyingine ila uwe tayari na umeme wa gridi wa kuvutia waya hadi kwenye rigi. Kijana alifanya kibarua kwenye rigi kabla ya kuingia kwenye mabomba, na hapa ndipo aliposahau githeri yake.

Kisima cha Olkaria kina kina cha mita 3,000 hivi. Hakichimbwi kama cha maji, tundu la upana mmoja juu hadi chini. Ni kama mwanzi, kila pingili nyembamba kuliko ya chini yake, ila huu umegeuzwa juu chini. Wanaanza na kekee ya inchi 26 kwa mita 60 hivi, wanateremsha bomba la inchi 20. Wanaingia na kekee ya inchi 17 na nusu hadi kama mita 300, bomba la inchi 13 na kitu. Kisha ya inchi 12 na robo hadi karibu mita 1,000, bomba la inchi 9 na kitu. Baada ya hapo kekee ya inchi 8 na nusu mpaka mwisho, na humo huwekwa bomba la inchi 7 lenye matundu, lisilomwagiwa saruji, maana humo ndimo mvuke unamoingilia.

Mengine yote yanazungushiwa saruji, na saruji ndiyo inayoua visima. Inasukumwa ndani ya bomba, itoke chini, ipande nje yake mpaka ionekane juu ya ardhi. Isipoonekana, hujui imeishia wapi. Mfuko wa maji ukibaki umefungiwa kati ya bomba mbili, siku kisima kitakapopata moto maji yale yanataka kutanuka na hayana pa kwenda. Yanaliminya bomba la ndani kama unavyominya kopo la maziwa. Kisima cha dola milioni 5 au 6 kimekwisha, kwa ndoo chache za maji.

La pili ni nyufa. Ardhi ya pale imepasuka, na nyufa ndizo unazozitafuta, lakini si kwenye mita za juu. Tope la kuchimbia likipotelea humo halirudi, na vumbi la mwamba ambalo lingepanda nalo linakaa chini linaizunguka kekee mpaka inabanwa. Juu, wanaziba kwa saruji, wanangoja ikauke, wanachimba tena palepale, pengine mara tatu nne, na dizeli inaungua wakiwa wamekaa. Chini hawazibi, maana ungekuwa unaziba riziki yako. Wanatia maji na hewa na povu la sabuni ili uchafu upande kwa wepesi. Siku 50 au 60 mambo yakienda sawa.

Nikauliza, basi hapo mvuke unatoka? Akacheka. Kisima kikimalizika kimejaa maji baridi. Kinafungwa, kinaachwa wiki kadhaa kipate joto lake. Kikifunguliwa, kingine kinaruka chenyewe na kingine kinakaa kimya. Hicho husindikwa hewa kwa kompresa, maji yasukumwe chini kwenye joto, kisha vali inaachiliwa ghafla. Baada ya hapo kinaachwa kinguruma miezi mitatu hivi, wakipima maji na mvuke, kabla mtu hajathubutu kuagiza turbaini, lile gurudumu la mvuke la kuzungusha jenereta. Na vipo visivyotoa kitu.

Mimi nikachukua kijiti, nikaanza hesabu zangu. Megawati moja pale inakula tani 7 mpaka 9 za mvuke kwa saa. Kisima cha wastani kinabeba kama megawati 5. Kwa jenereta hizo ni lita 30,000 kwa siku. Dola moja kwa lita, kisima kinajilipa kwa siku 200, na bado hujanunua turbaini, mnara wa kupozea, wala haya mabomba yenye milango. Basi tofauti nimeipata. Mafuta unalipa kila siku na kila siku unawasha. Mvuke unalipa wote kabla hujauona, na nchi maskini haina pesa ya kungoja. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria vilichimbwa 1956 na havikutoa cha kutosha. Walirudi miaka ya 1970, Umoja wa Mataifa ukisaidia na bei ya mafuta ikiwa imeruka. Megawati 15 za mwanzo ziliwaka 1981. 45 zikatimia 1985. Robo karne kutoka kekee ya kwanza hadi taa ya kwanza! Kisha wakalegea, hata ukame wa 1999 na 2000 ulipokausha mabwawa wakarudi kukodi majenereta ya dizeli. Leo karibu asilimia 40 ya umeme wao unatoka ardhini.

Wao umeme huuita stima. Kwetu stima ilikuwa meli ya moshi, na nilikuwa nikiwacheka Wakenya kwa neno hilo. Pale chini ya bomba la mvuke, yaani steam kwa Kiingereza, nikaona kuwa wao ndio wameliweka mahali pake.

Si kila mtu wa pale analisifu. Mwaka 2014 familia za Kimasai zilihamishwa kupisha kituo cha nne, na malalamiko yao kuhusu ardhi waliyopewa yalifika hadi Benki ya Dunia. Kijana alilitaja, akatazama pembeni, akarudi kwenye mabomba.

Kuhusu ile harufu akanipa somo ambalo mafundi wa umeme watalipenda. Gesi yenye kunuka yai inakula shaba. Waya ulio uchi unageuka mweusi, kidude cha relei, ile swichi ndogo ya umeme, kinashindwa kugusana, na mtambo unazimika bila hitilafu yoyote ya mtambo. Kwa hiyo vyumba vya kuendeshea vinasukumiwa hewa iliyochujwa, ili upepo utoke nje mlangoni badala ya kuingia. Pwani tuna chumvi inayofanya kazi hiyohiyo, na milango yetu tunaiacha wazi kwa joto.

Maji yaliyotengwa na mvuke hayamwagwi; yanarudishwa ardhini kwenye visima vingine, ili hifadhi isikauke. Yaachwe yapoe njiani na madini ya silika yanaganda kuwa jiwe jeupe linaloziba bomba mfano wa ukoko wa birika. Yanarudi yakiwa bado moto.

Nilimuuliza kama sisi wa visiwani tungeweza kuchimba. Akaniuliza chini kuna nini. Matumbawe, nikasema. Akatikisa kichwa kwa huruma. Bara ya Tanzania wana maeneo yenye joto la ardhini: Ngozi kule Mbeya, na Songwe, na Kiejo-Mbaka. Unguja na Pemba tunaning'inia kwenye waya. Wa Unguja ulipoharibika Desemba 2009, mji ulikaa gizani mpaka Machi 2010 na kila duka likawa na kijenereta chake mlangoni, moshi kutoka Darajani mpaka Forodhani. 2013 ukaja mwingine wa megawati 100, na tumelala tena. Chetu ni jua na upepo, na hivyo navyo hulipwa vyote mwanzo, betri juu yake.

Mnyororo aliuunga kwa koleo na kipande cha waya. Ulinifikisha getini, haukunifikisha kwa mwenye baskeli, ambaye alinidai 200 za uharibifu. Sikulipa.

Chumba cha Naivasha kilikuwa 1,800 bila chai. Bomba la maji ya moto lilikuwepo, ila lilikuwa la mapambo tu. Tokeni ilikuwa imekwisha. Mama wa jikoni akanibandikia ndoo kwenye jiko la mkaa. Nilimwambia nimetoka kuona moto wa bure usiokwisha. Akasema mkaa nao umepanda, kopo moja 100.

Asubuhi stendi, makanga akataka 700 hadi Nairobi, nami nilikuja kwa 500.

"Petroli imepanda, mzee."

Tukamalizana kwa 600, na mkoba magotini.