Kabla sijawahoji wachumba

Mchungaji katuomba mimi na mke wangu tuchukue darasa la wachumba wanaofunga ndoa Desemba, na mi ndo nimeangukiwa na kipindi cha usafi wa mwili, kile ambacho wote wanaangalia chini na kijana wa kiume anaanza kukwangua meza na kucha. Nimepewa na karatasi ya maswali inayotumika miaka yote. Umewahi kuwa na mtu mwingine? Unaangalia picha za ngono? Simu yako ina paswedi ambayo mwenzio haijui? Maswali mazuri tu, ila hii karatasi haijawahi kuingia kwenye kikao cha wazee wa kanisa hata siku moja, watoto wa watu wanahojiwa kama wako polisi na sisi wahojaji tumevaa tai tunakunywa soda.

Basi jana usiku nikachukua kalamu nijijibu mwenyewe. Swali la simu nikaandika "haina shida" chap chap, halafu nikabaki naiangalia ile "haina shida", maana mtihani nimefanya mimi na kusahihisha nimesahihisha mimi. Ndo kinachonisumbua kila nikisikia semina za viongozi, "tujichunguze wapendwa, tujichunguze". Sawa, lakini nani anaangalia majibu?

Jimmy Swaggart, yule mhubiri wa TV wa Marekani, mwaka 1986 alimlipua mchungaji mwenzie wa dhehebu la Assemblies of God, Marvin Gorman wa New Orleans, kwamba ni mzinzi, na Gorman akapoteza huduma. Mwaka uliofuata Gorman naye akaweka watu wa kumfuatilia Swaggart wakampiga picha motelini na kahaba. Februari 1988 Swaggart akalia machozi mbele ya kanisa lake kule Baton Rouge, dunia nzima ikaona. Watu wanakumbuka machozi tu, mi nakumbuka kilichofuata: dhehebu lilimwambia akae mwaka mzima bila kuhubiri, akagoma, wakamvua uchungaji, na yeye akarudi madhabahuni kwake. 1991 akakutwa tena na kahaba, safari hii California. Kulia alilia vizuri, ila kusimamishwa na mtu hakutaka.

Wengine watasema dawa ni sheria, kama ile mhubiri wa Marekani Billy Graham na wenzake waliyojiwekea Modesto, California, mwaka 1948, asikae peke yake na mwanamke asiye mke wake. Naiheshimu sana, ila sheria bila mtu wa kukukagua inageuka pazia. Ravi Zacharias, mhubiri mwingine maarufu, naye alisema hadharani kwamba ana desturi hiyohiyo, alivyofariki 2020 uchunguzi wa mawakili ukatoka Februari 2021, kumbe kwa miaka alikuwa anajifungia na wanawake wa kumkanda mgongo na kuwadhalilisha, na huduma yake ilikuwa imemtetea kwa nguvu zote. Halafu hii sheria tukiibeba kichwakichwa anayeumia ni mama mjane, anakuja na shida yake anaambiwa mchungaji haonani na wanawake, arudi na nani sasa, mumewe kaburini?

Kwetu hapa ofisi ya ushauri ina dirisha moja lenye pazia zito na mlango una komeo la ndani. Mtu anaingia mule analia, anamwaga siri za ndoa yake yote, na aliyekaa upande wa pili anamwona kama malaika. Hapo mkubwa ni mmoja tu, hata wote wawe watu wazima, kwa hiyo mi nikisikia kiongozi kaanguka na muumini mule ndani halafu wanasema "walipendana" nachoka kabisa. Komeo litolewe, mlango uwekwe kioo, na mama mmoja wa ushirika akae pale nje.

Na ile karatasi ianze na sisi wazee. Nataka wanaotuhoji wawepo akina mama wawili watatu, maana wao ndo wanaambiwaga mambo haya mapema kabla hayajafika kwetu, na wawe na uwezo wa kusema huyu aache kufundisha kwanza, tukatii. Najua wazee wenzangu watakuja juu, mmoja nimemdokezea leo akaniuliza toka lini kondoo wakamchunga mchungaji. Nikamuuliza kwani nabii Nathani, yule aliyemkemea mfalme Daudi kwa uzinzi, alikuwa na cheo gani mbele yake, akabadilisha mada, tukaongelea paa.