Fundi aliyeikataa 440

Mpwa wangu ameniandikia kwamba amenunua piano ya wima kutoka kwa familia inayohama Raskazone, Tanga, na kuna jamaa anayetengeneza vinanda vya umeme amekubali kuja kuituni, yaani kukaza nyuzi zake hadi zitoe sauti sahihi. "Mjomba, nimwite?" Nikamuuliza huyo jamaa ameuliza nini kuhusu piano yenyewe. Hajauliza kitu, akasema, ametaja bei tu. Hapo ikanijia ile Jumamosi ya ukumbini Chumbageni, kwaya yetu ilipokuwa inaitafutia fundi piano yake kuukuu, mwalimu wa kwaya kashika kopo la mafuta ambalo si lake, hataki kuliachia.

Kopo lilikuwa la fundi wa kwanza. Mtu mwema, na vinanda vya umeme anavijua: bodi, spika, waya, vyote. Ila piano haina bodi. Ina nyuzi za chuma zipatazo 230, kila moja imezungushwa kwenye pini yake, na kwa pamoja zinaivuta fremu kwa nguvu ya tani 15 hadi 20. Pini hiyo haikazwi kwa nati. Inashikwa na msuguano wa ubao mgumu ilimopigiliwa, basi. Ukiudondoshea mafuta, ubao unayanyonya, pini inaanza kuteleza, na mafuta hayatoki tena. Yeye aliona kutu juu ya pini akataka kuipaka mafuta, kama ambavyo mtu angefanya kwa bawaba ya mlango. Mkono wa pili alikuwa na koleo. Kichwa cha pini kina pembe nne, na koleo huzitafuna zile pembe mpaka siku spana yenyewe ya kutunia ikija haina pa kushika. Mwalimu alimshukuru, akampa nauli, akamrudishia kopo lake mlangoni.

Uingereza mtu angeanzia kwenye Pianoforte Tuners' Association, chama cha tangu 1913 ambacho huwapima mafundi kabla ya kuwapokea. Marekani kuna Piano Technicians Guild, na huko cheo cha fundi aliyesajiliwa hupatikana kwa mitihani mitatu: wa maandishi, wa kutuni, na wa ufundi wa sehemu za ndani. Sisi tulikuwa na namba ya simu ya mzee mmoja wa Dar es Salaam, na maswali yetu.

Kumbe maswali alikuwa nayo yeye. Ilituniwa lini mara ya mwisho? Imeegemea ukuta gani, na dirisha la karibu linaelekea baharini? Kuna uzi uliokatika? Vibao vya kubonyeza vinavyoganda, vinaganda mwaka mzima au masika tu? Mwalimu alitaka aje Aprili, akakataa. Masika ubao wa sauti, ule mpana ulio nyuma ya nyuzi, hunywa unyevu ukavimba, ukazisukuma nyuzi, na noti za katikati zikapanda kuliko za pembeni. Ukituni wakati huo, ukavu ukija kazi yote inashuka. Tukakubaliana Agosti. Bei ya jumla hakutaja: alitaja ya kuja kukagua, akataja ya kutuni, akasema ya matengenezo ataisema akishafungua. Mama Mkubwa, aliyeshika hazina, hakupenda. "Fundi gani hajui bei yake?" Mimi naona fundi anayetaja bei ya matengenezo kabla hajaona ndani ndiye wa kuogopa.

Alifika asubuhi, tukampa shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye piano. Alifungua mfuniko wa juu, akatoa ubao wa mbele, akatoa na ule wa chini karibu na pedali. Tochi ikaanza kwa sakafu: mavi ya panya, na funza wa nondo kwenye sufu iliyo chini ya vibao. Akavisafisha kwanza. Kisha akapiga vibao vyote 88, kimoja kimoja kuanzia besi, akiweka alama ya chaki kwenye vyenye kasoro. Spana ilikuwa bado mfukoni.

Vilivyoganda hakuvilazimisha. Alikishika kibao kwa vidole viwili akakitikisa kushoto na kulia. Kisipocheza hata kidogo, kitambaa kinachozunguka pini ya kibao kimevimba kwa unyevu. Akavitoa, akakiminya kitambaa kwa koleo maalumu yenye midomo bapa, kidogo tu, kwa sababu ukizidisha kibao kitagongagonga. Viwili vilikuwa na tatizo jingine: kibao chenyewe kilishuka na kupanda vizuri, ila nyundo inayopiga uzi ilikuwa inarudi kwa uvivu. Hapo alishughulikia kiungo cha nyundo. Fundi asiyetofautisha hayo mawili atapiga msasa kibao kizima kisicho na kosa.

Ndipo akatoa spana, ile yenye mdomo wa nyota. Hakutuni. Alijaribu pini chache za besi, chache za katikati na chache za juu, akazungusha kiasi cha unywele na kusikiliza kwa mkono. Pini nzuri inakwenda ikakaa. Iliyolegea inakwenda bila upinzani, kisha uzi unairudisha. Zetu zilikaa.

Akaugonga gotini uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili kinachotoa noti moja tu: mitetemo 440 kwa sekunde, A iliyo juu ya C ya kati. Noti hiyo ina nyuzi tatu, kwa hiyo akachomeka vipande vya mpira kubana mbili, ukabaki mmoja unalia. Sisi wenyewe tulisikia. Piano ilikuwa chini kwa nusu toni nzima, karibu 415.

Mwalimu alitaka 440, bila mjadala. Tarumbeta ziko 440, kinanda cha umeme kiko 440, na Krismasi inakuja. Mzee akaomba ajaribu kwanza. Kwenye sehemu ya juu alichagua uzi wenye kutu, akaulegeza kidogo kabla ya kuukaza. Nilimuuliza sababu. Kutu huugandisha uzi pale unapopinda chini ya chuma. Ukivuta moja kwa moja unakatika hapo, ukilegeza kwanza kutu inabanduka. Tulisikia mlio mdogo, tiki, kisha uzi ukapanda salama. Wa pili akaufanyia vilevile, kwa upole uleule. Ulikatika kwenye mzunguko wa pini, ukamkosa uso kidogo.

Hakushtuka. Akapima unene wa kipande kwa maikromita, milimita 0.9, akakata waya mpya wa kipimo hicho kutoka kwenye roli, akaufunga. Akatuonya kuwa uzi mpya hunyooka, noti hiyo itashuka kwa wiki kadhaa na itabidi irudiwe, kwa hiyo tusije tukasema kazi ilikuwa mbovu. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, nusu toni ni ongezeko la asilimia 12 ya mvuto kwenye kila uzi. Kwa piano nzima ni kama tani 2. Ubao utazama, nikimaliza mwisho mwanzo umeshashuka, nitarudia mara mbili au tatu. Hizi za juu zikikatika waya ninao. Za besi zimezungushiwa shaba, hutengenezwa kwa vipimo vya piano husika. Ikikatika moja, mtakaa na pengo."

"Sasa tufanyeje?"

"Niisawazishe hapa ilipo. Kinanda chenu cha umeme kina kitufe cha kushusha nusu toni."

"Na tarumbeta?"

Mzee hakuwa na jibu la tarumbeta. Mama Mkubwa alikuwa upande wake, maana gharama ilikuwa ndogo, na ndivyo ilivyofanyika. Kufikia jioni piano ilikuwa na sauti moja safi kutoka besi hadi juu, nusu toni chini ya dunia nzima, na Krismasi hiyo wapiga tarumbeta walikaa na familia zao kwenye mabenchi.

Mwalimu aliendelea kusema tulimpata mwoga. Kwangu, fundi aliyekataa kazi yenye malipo zaidi mbele ya mteja anayeing'ang'ania ndiye niliyemwamini, na hilo ndilo nimemwambia mpwa wangu alitafute. Lakini pini zilikuwa imara, na ule uzi wa kwanza ulipanda. Angeweza kuipandisha robo toni Agosti ile, akaiacha itulie hadi masika yapite, akarudi mwaka uliofuata kumalizia. Mafundi wengine hufanya hivyo kwa piano zilizozeeka. Yeye hakulitaja, na pale ukumbini hakuna aliyejua kuliuliza.